Roho, Si Robo

Machi 2

Mvua imeingia leo saa nne asubuhi bila hodi, ikamkuta jirani na nguo zake zote kambani. Siku nzuri ya kuanza kuandika.

Daftari hili ni la marehemu mke wangu. Kwa mbele kuna maelekezo yake ya mafuta makali, yale ya kunukia yanayotolewa kwenye majani na maganda ya miti. Kutoka katikati hadi mwisho zimebaki kurasa tupu, na mimi siwezi kuiona karatasi nzuri ikikaa bure. Basi nimeligeuza juu chini nikaanzia nyuma. Yeye anakuja kutoka mbele, mimi nakwenda kutoka nyuma. Tukikutana nitaweka kalamu chini.

Ukurasa wake wa mwisho sijausoma. Aliuandika wiki ile ya mwisho kabla ya kulazwa, na mimi nimeubana kwa kibanio pamoja na ule uliotangulia, nisije nikausoma kwa bahati mbaya. Mtu akishasoma neno la mwisho la mkewe, atakuwa anasubiri nini tena?

Machi 3

Nieleze lugha ya nyumba hii, maana nikizeeka zaidi nitaisahau hata mimi.

Mke wangu alifanya kazi miaka ishirini na sita kwenye kiwanda cha sabuni, chumba cha kuchanganyia manukato. Kule mafuta makali waliyaita roho. Mafuta ya kawaida ya kuyazimua, ya nazi au ya ufuta, waliyaita mwili. Sheria ya chumba kile ilikuwa fupi: roho haigusi ngozi bila mwili. Tone moja la roho, kijiko cha chai kizima cha mwili, na hapo tunazungumzia mtu mzima asiye na matatizo. Katika daftari, pasipo na tarakimu, ni tone moja. Hilo hakuliandika popote, kwa sababu wasomaji tulikuwa wawili na mmoja wao ndiye mwandishi.

Kasha lake la mbao liko juu ya kabati chumbani kwangu. Lina chupa kumi na moja za kioo cha kahawia. Kila chupa ina kipande cha karatasi chenye herufi moja tu, herufi ya kwanza ya jina la kilichomo. Sasa hebu fikiria lugha yetu. Mkaratusi, mnanaa, mchaichai, mdalasini, mrihani, msandali na ndugu zao. Chupa kumi na moja: K moja ya karafuu, L moja ya limau, M tisa. Yeye hakuhitaji lebo, alikuwa na pua.

Lakini aliniomba. Mimi ni mwandika vibao. Miaka arobaini nimeandika majina ya maduka, saluni, mabucha na shule mbili, na watu walikuwa wakisema herufi zangu zinasomeka hata na asiyejua kusoma. "Fundi," aliniambia, "niandikie lebo za chupa zangu." Nikasema kesho. Na mwandiko wake ulivyokuwa! h zake zilivimba tumbo mpaka zikafanana na b. "Mama," nilimtania, "unaandika herufi zenye mimba." Akanijibu: "Basi njoo uzizalishe, wewe si fundi?" Nikasema kesho.

Machi 5

Mwanangu ameniletea mkewe na mtoto. Paa la chumba walichopanga linavuja, na yeye ni dereva wa lori la masafa marefu, nyumbani anapita tu kubadilisha shati.

"Ni mpaka mvua zikatike, Baba."

"Nyumba ni yenu. Swali ni kama mkeo anajua kwamba ninakoroma."

"Anajua. Ndiyo maana amekuja na redio."

Mtoto ana miezi kumi. Alizaliwa mdogo mno, bibi yake akampa jina la Kitone, na jina limegoma kuondoka ingawa mapaja sasa yanambishia. Bibi yake alimpakata miezi miwili tu. Mama yake, kimoyomoyo, namwita Bibie.

Machi 6

Bibie anatembea kama gunia la saruji linalotafuta pa kuangukia. Mvua.

Machi 10

Saa tisa alasiri ndiyo saa ya mke wangu kurudi kazini. Alikuwa akiingia mlangoni na harufu yake mbele, yeye nyuma. Siku nyingine mchaichai, siku nyingine karafuu. Ningeweza kukwambia kiwanda kimetengeneza sabuni gani kwa kumkumbatia. Tangu aondoke, kila saa tisa nashusha kasha, nafungua chupa ya mchaichai, navuta mara moja, nafunga. Miezi saba sasa. Si ugonjwa. Wengine wanakwenda kutazama mpira.

Leo Bibie alinikuta.

"Baba, unanusa nini?"

"Nakagua."

"Unakagua nini?"

"Kama bado imo."

Alisimama kidogo na mtoto ubavuni, akaondoka bila kucheka. Nikamwekea alama moja.

Machi 15

Magoti yamekataa baridi. Nimetoa chupa niliyodhani ni mkaratusi nikajipaka goti la kulia, roho tupu, bila mwili, kwa sababu kijiko kilikuwa jikoni na jikoni kulikuwa mbali. Mafua yalikuwa yameniziba pua. Kumbe ilikuwa mdalasini. Baada ya dakika mbili goti lilikuwa linazungumza. Nikalimwagia maji, likapiga kelele.

Jirani yetu nesi alisikia nikitaja majina ya watu waliokwisha kufa, akapita uani.

"Fundi, umejipaka nini?"

"M."

"M ndiyo nini?"

"Ndicho tunachokichunguza."

Alilishika goti kama anayenunua nyanya. "Maji hayachukuani na mafuta, unayasambaza tu. Lete mafuta ya kula." Akapaka mafuta ya kula, akafuta kwa kitambaa, ndipo ikaja sabuni na maji mengi. "Miaka yote umelala na mtaalamu kitanda kimoja, hukujifunza kitu?"

"Nilikuwa nimelala."

Bibie alicheka jikoni mpaka akaangusha mfuniko. Anacheka kama tarumbeta. Sikujua.

Machi 16

Goti jekundu. Mvua.

Machi 17

Goti jekundu kidogo. Mvua kubwa.

Machi 23

Leo ni zamu ya Meneja. Meneja ni paka wetu. Hafanyi kazi yoyote na anaudhika wengine wakifanya.

Bibie aliuliza kama anaweza kutumia ile taa ndogo ya udongo ya mama mkwe wake, ya kufukizia. Nikamwambia tumia. Akadondosha anachokijua yeye, akafunga madirisha yote mvua isiingie, harufu ikakaa sebuleni tangu asubuhi hadi adhuhuri. Adhuhuri Meneja alitoka chini ya kiti akipepesuka kama ametoka kulipwa mshahara, mate yanamtiririka, miguu ya nyuma haimtambui. Tukazima taa, tukafungua madirisha, tukamlaza barazani kwenye hewa. Jioni alikula. Bado ananitazama kama mimi ndiye niliyeidhinisha, na ni kweli.

Mke wangu hakuwahi kufukiza zaidi ya nusu saa, dirisha wazi, na paka nje. Nilikuwa nalijua hilo. Nilidhani kila mtu anazaliwa analijua.

Bibie alikaa karibu na mimi barazani, macho yamemjaa machozi. "Baba, nifundishe. Naogopa kuharibu vitu vya Mama."

Hapo ndipo pa kuandika vizuri, kwa sababu sijivunii. Ingenichukua robo saa. Lakini saa tisa ilikuwa inakaribia, na kulizungumza lile kasha na mtu mwingine niliona kama kumwazima mtu mke wangu. Nikasema: "Kila kitu kimeandikwa. Soma daftari. La mbele, si la nyuma."

"Nyuma kuna nini?"

"Mambo ya mvua."

Machi 29

Kitone amesema neno. Mama yake anasema ni "baba". Mimi nimesikia "babu". Meneja hakutoa maoni.

Aprili 3

Mvua siku ya sita mfululizo. Mkate umeota ukungu, viatu vimeota ukungu, mimi bado.

Aprili 6

Kitone ana mafua. Pua imeziba, ananyonya na kuacha, ananyonya na kuacha, analia kwa hasira ya mtu aliyedhulumiwa. Bibie anambeba kutwa nzima akimwimbia kitu kisicho na maneno. Naanza kuamini kwamba ule mwendo wa gunia ni wa mtu asiyelala.

Aprili 8

Niandike kwa mpangilio.

Baada ya chakula cha mchana nilikwenda dukani kutafuta balbu. Duka lile nililiandikia kibao mwaka mwanangu alipoanza shule: herufi nyekundu, kivuli cheusi, mkia wa herufi ya mwisho unapinda chini kushikilia jina lote. Leo nimekuta wamekishusha. Wameweka cha plastiki kilichochapwa, na changu kimelala uani kimeziba shimo la maji. Mwenye duka aliona haya. "Fundi, kile kilikuwa kimechakaa." Nikamwambia hata mimi. Nikanunua balbu nikarudi nyumbani nikilowa, kwa sababu sikujisikia kufungua mwavuli.

Saa tisa nilikuwa getini. Na getini, harufu ya mke wangu ikanipokea.

Haikuwa ya kinywa cha chupa. Ilikuwa harufu nzima, pana, mkaratusi wa siku zile kiwanda kilipokuwa kinatengeneza sabuni ya hospitali, ulipokuwa unanifikia kabla sijasikia viatu vyake. Ilitoka mlangoni, ikapita kwenye mvua, ikanikuta. Nikasimama. Nikafumba macho. Nikaegemea nguzo ya geti na balbu yangu mkononi, nikajiruhusu. Sijui ni dakika mbili au tatu. Nilikuwa na furaha, hilo lazima niliseme, nilikuwa na furaha kama sijawahi kuwa nayo tangu azikwe Agosti.

Halafu nikasikia kikohozi. Kidogo, kikavu, kama cha kitu kinachokwaruza mlango. Kisha sauti ya Bibie: "Mama, amka. Mama, fungua macho."

Aliyekuwa anaambiwa "mama" ni Kitone. Nilikimbia kwa magoti yangu yote mawili.

Chumbani madirisha yalikuwa yamefungwa. Sakafuni sufuria ya maji ya moto inafuka, na hewa ilikuwa kali hata machozi yakanitoka mlangoni. Bibie amekaa ukutani na mtoto mapajani. Kifua cha mtoto kinang'aa mafuta. Anakohoa, ananyamaza, kichwa kinaanguka pembeni, anapumua kwa nguvu kama anayepanda ngazi.

"Nimefuata daftari," Bibie aliniambia. "Baba, nimefuata daftari kama ulivyosema."

Nilimchukua mtoto nikatoka naye barazani, kwenye hewa. Nikamwita nesi kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia. Bahati ilikuwa siku yake ya mapumziko. Alikuja na kanga ya kulalia, akamvua mtoto ile fulana iliyolowa mafuta, akamfuta kifua kwa mafuta ya kula, akamwosha kwa sabuni. Mikono inafanya kazi na mdomo unauliza.

"Amemeza?"

"Hapana."

"Yamemwingia machoni?"

"Hapana."

"Chupa iko wapi? Fundi, chukua chupa. Usije hospitali bila chupa."

Teksi ilikuwa ya jirani wa tatu. Njia nzima nesi alimshikilia mtoto wima mbele ya dirisha lililo wazi, mvua inatupiga usoni, na hakuna aliyelalamika. Bibie alimshika mguu mmoja tu, kidole gumba cha mguu, kama anayeogopa kwamba akishika zaidi ataharibu.

Mapokezi, karani akauliza amepatwa na nini. Bibie akasema: "Mafuta." Karani akaandika. Nesi akainama, akasoma, akaruka.

"Futa hilo! Nani kakwambia mafuta ya taa? Na nani kakwambia amekunywa? Ni mafuta makali ya kunukia, amevuta mvuke na kupakwa kifuani. Hayo ni matibabu mawili tofauti, dada yangu!"

Daktari alikuwa kijana mwenye viatu vilivyolowa. Akaipokea chupa, akaigeuza kwenye mwanga.

"M," akasoma. "M ndiyo nini, mzee?"

Mara ya pili kuulizwa swali lile. Mara hii sikuwa na mzaha wa kujibu. Miaka arobaini ya kuandika majina ya watu nisiowajua, na mjukuu wangu yuko kitandani kwa sababu ya herufi moja. Nikaichukua chupa, nikanusa.

"Mkaratusi."

"Una hakika?"

"Kuliko jina langu."

Wamembakisha, wamemwekea oksijeni, wanamwangalia. Mkaratusi na mnanaa, daktari amesema, kwa mtoto mdogo kama huyu vinaweza kubana pumzi badala ya kuifungua. Nilikuwa nalijua. Mke wangu alinisimulia mara ngapi! Naandikia kwenye benchi la ukumbi; daftari nililibeba pamoja na chupa. Zile dakika za getini sijamwambia mtu.

Aprili 9

Kitone amefungua macho, ametupa kijiko chini, amekasirika. Nesi anasema hasira ni dalili njema. Nimelia chooni.

Aprili 11

Tumerudi nyumbani. Mwanangu amepiga simu akiwa njiani huko aliko.

"Baba, nakuheshimu. Lakini mimi niko mbali na siwezi kuendesha na roho mkononi. Kasha litoke humo ndani. Lisipotoka, mke wangu na mtoto watakwenda kwa mama yake, mvua inyeshe isinyeshe."

"Ni vitu vya mama yako."

"Najua ni vya nani. Na yule ni mjukuu wa nani?"

Bibie amekunja nguo za mtoto, ameziweka juu ya begi lililo wazi. Hajaziingiza. Hajazirudisha kabatini pia.

Aprili 12

Asubuhi alikuja barazani na daftari, kidole kikiwa ndani.

"Baba, naomba unisomee hapa. Nataka nijue nilikosea wapi, kabla sijaondoka."

Nilivaa miwani. Mwandiko wa mke wangu, wino wa bluu: *Mafua, watu wazima. Roho mkaratusi, maji sufuria, dirisha wazi.* Mstari wa chini yake: *Kifua, watu wazima. Roho mkaratusi, mwili kijiko.*

"Nisome?"

"Soma."

Nikasoma. Nilipofika neno la kwanza baada ya "watu wazima" akanishika mkono.

"Umesema nini hapo?"

"Roho."

"Roho?" Alilichukua daftari akalisogeza karibu na uso. "Baba, hiyo ni robo. Robo mkaratusi. Nilinusa M moja moja mpaka nikaupata, nikapima kwa macho robo ya chupa nikaigawa, nusu sufuriani, nusu kwenye kijiko cha mafuta, na dirisha nikalifunga kwa ajili ya mvua. Nikajiuliza mbona nyingi, nikasema Mama alikuwa mtaalamu, mimi ni nani nimpunguzie?"

"Na hapa palipoandikwa watu wazima?"

"Nilikuta watu wazima robo. Nikampa Kitone nusu ya robo." Akafuta uso kwa kanga. "Nilimpunguzia, Baba. Nilijiona nina akili."

Niliweka kidole juu ya lile neno. h yenye mimba. Herufi niliyoicheka miaka thelathini na mbili, nikaahidi kuizalisha kesho.

"Hukukosea kusoma," nikamwambia. "Limeandikwa robo. Aliyekuwa analijua ni mimi, na uliniuliza."

Alikwenda jikoni na mwendo wake ule. Begi bado liko wazi.

Aprili 13

Kasha nimelishusha. Nimemwita nesi aje kama shahidi.

Tulitoa chupa moja moja barazani, madirisha wazi, Meneja amefungiwa kwa jirani. Nesi ananusa, mimi nanusa, tunakubaliana jina. Zilizokaa zaidi ya miaka miwili zote zinaondoka. Mafuta haya yakipigwa na hewa yanabadilika, yanaanza kuchoma ngozi hata ukiyazimua. Nilitaka kuyamwaga kwenye mfereji. "Ndiyo, ukawape na samaki," akasema nesi. Tumeyafyonza kwa mchanga, tumeufunga kwenye mfuko, mbali na jiko, maana yanashika moto kama petroli.

Tukafika kwenye mchaichai. Nilikuwa nimeuweka wa mwisho.

Nesi akanusa, akanipa. "Nusa kama fundi, usinuse kama mjane."

Nikanusa. Ilikuwa inanuka vanishi. Vanishi ya kibao.

"Uliifungua kila siku?"

"Kila siku."

"Basi ni hewa, Fundi. Kila ukifungua inaingia."

Miezi minane nimekuwa nikiinusa kuhakikisha kama bado imo, na ndivyo nilivyoimaliza. Sijui tangu lini pua yangu imekuwa ikiongeza yenyewe kilichokosekana. Niliimimina mchangani mwenyewe.

Zimebaki chupa tatu nzima. Ziko kwenye kabati la chuma, na ufunguo nimempa Bibie. Aliutazama mkononi mwake.

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu wewe ungeuliza."

Aprili 14

Jioni nguo za mtoto zimerudi kabatini. Nimeona mlango uliachwa wazi kidogo, nikapita kama sijaona.

Aprili 17

Nimetoa brashi ndogo kabisa, namba sifuri. Nimeandika lebo tatu. MKARATUSI. LIMAU. KARAFUU. Herufi nyekundu, kivuli cheusi. Chini kwa ndogo: *si ya kunywa, si ya mtoto, si ya paka, tone moja kwa kijiko.* Kwenye limau nimeongeza: *ukijipaka usikae juani,* maana inaunguza ngozi ikipigwa na jua.

Bibie alikuwa anatazama begani kwangu. "Baba, kumbe una mkono mzuri hivi?"

"Ulikuwa unadhani nilikuwa napata wateja kwa sura?"

Tarumbeta.

Aprili 18

Nanakili maelekezo yote kwenye daftari jipya, lenye mbele tu. Bibie anasoma kwa sauti, mimi naandika. Kila akifika kwenye lile neno anasimama na kuuliza kwa adabu ya karani: "Hapa ni h au b, mzee?" Amefanya hivyo mara kumi na tisa.

Aprili 20

Nimelikuta daftari hili mezani, limefunguliwa upande wa nyuma. Kwenye ukurasa wa Machi 6, pembeni, kwa penseli: *Gunia la saruji limesoma. Limeanguka hapa.*

Nilipata joto masikioni kama mtoto wa shule. Nikageuza kurasa haraka mpaka Aprili 8, kwenye mambo ya getini. Pale napo penseli ilipita. *Baba, na mimi nilipoimimina nilifumba macho. Nilisikia kama ameingia.*

Hakuna kingine. Tumekula chakula cha jioni tukizungumza habari za bei ya sabuni.

Aprili 24

Jua, saa mbili nzima. Mwanangu amepita, amebadilisha shati, amembeba mtoto. Amesoma lebo zote tatu, kisha akaniuliza kama naweza kumwandikia jina kwenye mlango wa lori. Sikusema kesho.

Aprili 30

Paa la kwao limekwisha kuezekwa. Wanasema wataondoka wiki ijayo. Bibie anasema labda wiki ile nyingine.

Kurasa zimekwisha. Upande wangu umebaki ukurasa huu mmoja, na unaofuata ni ule niliobana. Nilimuuliza Bibie kama aliufungua siku ile ya mafua.

"Niliona kibanio," Bibie alisema. "Nikasema hiyo si yangu."

Basi nimekitoa kibanio mwenyewe, yeye amekaa pembeni na Kitone. Kimeacha alama ya kutu. Mwandiko umelala, wino hafifu, mistari mitano tu. Nilidhani yatakuwa maneno ya kuniambia mimi, ya kwaheri au ya kunisuta. Ni maelekezo kama mengine:

*Kitone. Roho hakuna, hata tone, mpaka atembee na kusema. Pua ikiziba: maji ya chumvi, na ashikwe wima. Kila jioni mwili tu, vuguvugu, mgongoni. Apakwe na babu yake. Ana mkono mwepesi wa brashi, na hatasema kesho kwa mtoto.*

Nilimsomea Bibie. Nilipofika kwenye "roho hakuna" hakuuliza kama ni h au b.

Agizo lilikuwa humu muda wote. Kurasa mbili mbele ya ule alioufuata yeye, na kibanio changu juu yake.

Bibie alipasha mafuta ya nazi, akayajaribu kwenye kifundo cha mkono wake, akanipa bakuli. Nimeosha mikono mara mbili. Kitone alilala kifudifudi mapajani kwangu, akakunja vidole vya miguu, nami nikampaka kutoka shingoni kwenda chini kama navuta mstari mrefu wa herufi I. Hakulia. Saa ya ukutani ilikuwa imepita tisa zamani na sikuwa nimeitazama.

Nilipomaliza niliinamisha uso kwenye mgongo wake nikavuta pumzi, kwa mazoea. Hakunuka mchaichai, wala mkaratusi, wala mtu yeyote. Alinuka mtoto.